Kilomita 3,766 kwa Kafi Moja: Nani Analipia Safari ya Mississippi?

Kila mwaka barafu ikishayeyuka kaskazini mwa Marekani, watu wachache hupeleka mitumbwi yao kwenye Ziwa Itasca, jimbo la Minnesota, wakaanza kupiga kafi kuelekea Ghuba ya Meksiko. Wengi wao huenda peke yao. Hawana injini wala tanga, na hakuna chombo kinachowafuata nyuma. Wakifika baharini wanakuwa wameukata mto mzima wa Mississippi, ambao Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani inaupa urefu wa maili 2,340, yaani kilomita 3,766.

Swali linaloulizwa kwanza juu ya safari ya namna hii ni la ujasiri: je, haogopi? Mimi naona swali lenye faida zaidi ni la hesabu. Inagharimu nini, na gharama hiyo inatoka mfukoni mwa nani? Ukizipanga tarakimu zake vizuri unagundua kwamba mtu aliye peke yake mtumbwini amebebwa na watu wengi mno, na kwamba fedha anayotoa yeye mwenyewe ni sehemu ndogo sana ya bei halisi ya njia anayopita.

Tuanze na urefu wenyewe, kwa sababu hata huo una ubishi. Wasimamizi wa hifadhi ya Itasca husema maili 2,552, sawa na kilomita 4,107. Tofauti na ile ya kwanza ni zaidi ya kilomita 340. Hakuna aliyedanganya. Mto huu hukata kona zake, huhamisha mchanga, na wahandisi nao wamekuwa wakinyoosha baadhi ya mapindo. Anayepima kwa kufuata kila kona hapati jibu sawa na anayepima katikati ya mkondo. Kwa mpiga kafi, kilomita 340 ni juma zima la kazi. Mimi nitatumia 3,766.

Pale Itasca mto una upana wa mita 6 hadi 9 tu, na watalii huuvuka kwa kukanyaga mawe. Maji yanayotoka ziwani hapo ni futi za ujazo 6 kwa sekunde, kama lita 170. Ukifika New Orleans kiasi hicho kimekuwa futi za ujazo 600,000, takriban lita milioni 17 kwa sekunde. Mto umekua mara 100,000. Bonde lake linakusanya maji ya sehemu zinazokaribia mbili kwa tano za ardhi ya Marekani bara, na maji hayo yote hupita chini ya mtumbwi ule ule, ambao ukipakiwa mzigo wake wote unazama majini sentimita zipatazo 10.

Itasca iko mita 450 juu ya usawa wa bahari, na hizo mita 450 ndizo mtaji mkuu wa msafiri. Zimegawanyika vibaya lakini. Toka chanzoni hadi Minneapolis, mwendo wa karibu kilomita 800, mto unashuka zaidi ya mita 200. Toka Minneapolis hadi karibu na St. Louis, kilomita 1,078, unashuka mita 128. Sehemu iliyobaki hadi mdomoni, kilomita 1,800 na ushei, haifiki mita 120. Ukigawa, unapata kama sentimita 26 kwa kilomita huko juu, 12 katikati, na 6 tu huko chini.

Hapa ndipo wengi hukosea mahesabu ya siku. Mtu angetarajia mtumbwi ukimbie kule kwenye mteremko mkali na ujikokote kwenye tambarare. Inakuwa kinyume. Huko juu, Idara ya Hifadhi inataja kasi ya maji ya kilomita 1.9 kwa saa, kwa sababu mto ni mwembamba, una kina kifupi, umejaa majani na unapita katika maziwa kadhaa. Ziwa Winnibigoshish pekee lina upana unaozidi kilomita 17, na upepo wa mbisho ukianza kupiga hapo, mtu huweza kukaa ufukweni siku mbili akitazama mawimbi. Huko chini mteremko ni mdogo lakini maji ni mengi na kina ni kirefu. Msuguano wa chini na kandoni haufui dafu mbele ya wingi huo. Kwa hiyo mtumbwi unaotambaa kilomita 35 kwa siku ndani ya Minnesota unaweza kuteleza 75 au zaidi kwa siku ndani ya Mississippi na Louisiana, kwa mikono ile ile.

Nimezigawa siku kwa kufuata hali hiyo. Kilomita 800 za juu kwa mwendo wa 38 kwa siku ni siku 21. Kilomita 1,078 za katikati, ambako maji yamezuiwa na kutulia, kwa mwendo wa 45, ni siku 24. Zile 1,800 za chini kwa mwendo wa 75 ni siku nyingine 24. Hapo tuko karibu na 70. Ongeza 10 za upepo, radi, kufua nguo na kuuguza mabega: siku 80. Makadirio haya yanakaa vizuri ndani ya kile wanachokifanya wasafiri wengi, ambao humaliza kati ya siku 60 na 90.

Kuna kipimo kingine cha kuvutia. Tone la mvua linaloanguka Itasca huchukua siku zipatazo 90 kufika Ghuba. Mpiga kafi wetu analitangulia kwa siku 10 tu, ingawa usiku analala na tone halilali. Mwaka 2002 mwogeleaji wa Slovenia, Martin Strel, aliuogelea mto huu kwa siku 68 akiwa na kikosi cha kumsaidia. Na mwaka 2023 watu wanne katika mtumbwi mmoja, wakipokezana kulala bila kusimama, waliumaliza kwa siku zisizofika 17. Wastani wao ulikuwa zaidi ya kilomita 9 kwa saa, usiku na mchana. Mtu mmoja hana wa kupokezana naye, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya safari ya kikosi na safari ya pekee: akilala yeye, chombo nacho kimelala.

Nguvu zake ni kiasi gani? Mtu mwenye mazoezi anayepiga kafi kutwa hutoa kama wati 75 za kazi. Kwa saa 8 hiyo ni sehemu 6 kwa 10 za uniti moja ya umeme, ile tunayonunua kwa tokeni. Kwa siku 70 za kupiga kafi anakuwa ametoa uniti 42. Sasa angalia bwawa la Keokuk, jimbo la Iowa, ambalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 1913 na lina mitambo 15 yenye uwezo unaozidi megawati 125 kwa pamoja. Mitambo hiyo ikiwa kazini yote, hutoa uniti 42 kabla sekunde mbili hazijakamilika. Jasho la miezi miwili na nusu, mto unalitoa hapo kwa muda wa kupepesa macho mara kadhaa.

Ili atoe hizo wati 75, mwili unahitaji chakula kingi. Kwa mtu wa kilo 75 nakadiria kalori 4,500 kwa siku, karibu mara mbili ya anachokula mfanyakazi wa ofisini. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori zipatazo 3,600. Angekuwa anakula ugali mtupu, angehitaji kilo 1.25 za unga kila siku, na kilo 100 kwa safari nzima. Hakuna anayezibeba. Msafiri hununua chakula cha juma moja, kama kilo 9 au 10, akaongeza mafuta, karanga na sukari ili kupunguza uzito, halafu mji unaofuata ananunua tena.

Maji ya kunywa ni mzigo wenyewe. Anaelea juu ya mto wenye maji mengi kuliko wote katika Amerika ya Kaskazini na hawezi kuyanywa hivi hivi, maana yamepitia mashamba ya mahindi na soya ya majimbo mengi, mifereji ya miji na viwanda. Vichujio vya mkononi huzuia vijidudu. Haviondoi mbolea wala kemikali zilizoyeyuka. Kwa hiyo anabeba maji ya bomba: lita 5 kwa siku, kwa siku 4, ni kilo 20. Huko chini akiba hiyo si ya kuchezea. Kati ya Memphis na Vicksburg kuna karibu kilomita 480 za mto, na katikati yake madaraja yako sehemu mbili tu, Helena na Greenville. Miji mingi imejengwa mbali na ukingo au nyuma ya tuta kubwa la kuzuia mafuriko, na mwenye kiu hutembea kwa miguu na madumu yake mkononi.

Jumlisha: mtu kilo 75, mtumbwi 28, hema na vifaa 25, chakula 10, maji 20. Chombo kizima ni kama kilo 160. Sasa kiweke kando ya chombo kingine kinachotumia njia hiyo hiyo. Tishari moja la Mississippi lina urefu wa karibu mita 60 na hubeba shehena ya tani 1,360. Kwenye sehemu ya katikati, yenye malango ya kuvushia vyombo mabwawani, boti moja husukuma matishari 15 yaliyofungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu. Shehena yake ni tani 20,400. Kwa malori ya tani 30 kama yale ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, ni malori 680. Chini ya St. Louis hakuna malango ya kubana, na huko misafara hufika matishari 30 hata 40.

Shehena hiyo ya tani 20,400 inauzidi mtumbwi kwa uzito zaidi ya mara 125,000. Nahodha wake anaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kuusimamisha msafara, na mbele ya pua ya matishari kuna eneo refu asiloliona kabisa. Sheria za njia zinaweza kusema lolote. Kwa tarakimu hizi, wajibu wa kukaa mbali ni wa mwenye kafi. Wimbi linaloachwa na boti yenyewe, nyuma ya msafara, ni jambo la pili la kuogopa, maana msafara ukishapita mtu hudhani hatari imekwisha.

Nakuja kwenye malango, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo swali la nani analipa linapojibiwa.

Kati ya Minneapolis na eneo la St. Louis, Jeshi la Wahandisi la Marekani linasimamia mfululizo wa vituo 29 vyenye mabwawa na malango, vingi vikiwa vimejengwa miaka ya 1930 baada ya Bunge la nchi hiyo kuidhinisha mwaka 1930 njia yenye kina cha futi 9, sawa na mita 2.7. Mto uligeuzwa ngazi. Kila bwawa ni kidato kimoja, na ubavuni mwake pana chumba cha zege chenye lango juu na lango chini. Kile cha juu kabisa, kwenye maporomoko ya St. Anthony mjini Minneapolis, kilifungwa Juni 2015 ili kuzuia samaki wageni wa jamii ya kapu wasipande kaskazini. Hapo mpiga kafi hubeba chombo chake begani na kuzunguka, kama anavyofanya pia kwenye mabwawa zaidi ya kumi yaliyo juu ya mji huo.

Vilivyobaki hupitika. Mwenye mtumbwi anasogea kwenye ukuta mrefu unaotangulia lango, anatafuta kamba inayoning'inia na kuivuta. Kengele inalia ndani. Au anaita kwa redio ya majini ya VHF, chaneli 14. Kisha anasubiri, maana vyombo vya biashara vina haki ya kutangulia. Msafara wa matishari 15 hauingii kwa mkupuo mmoja katika chumba cha mita 183. Hukatwa vipande viwili, na kazi hiyo hula saa moja na nusu au mbili. Kanuni inamlinda mdogo kidogo: kwa kawaida asisubirishwe zaidi ya zamu tatu za vyombo vya biashara. Zamu tatu ni nusu siku imekwenda.

Lango likifunguka anaingia peke yake ndani ya chumba chenye upana wa mita 33.5. Mfanyakazi wa zamu anamtupia kamba kutoka juu ya ukuta, na onyo ni moja: ishike, usiifunge. Maji yatashuka, na chombo kilichofungwa kitaning'inia ukutani. Lango la nyuma linajifunga, valvu chini zinafunguka, na bila pampu yoyote maji yanaanza kuondoka. Ukuta mbichi, wenye utelezi wa kijani, unaonekana kupanda. Baada ya dakika chache honi inalia, lango la mbele linafunguka, anaendelea na safari.

Kwenye kituo cha kawaida chenye anguko la mita 3, chumba hicho kimemwaga lita milioni 18 kwa ajili ya mtu mmoja. Pale Keokuk, kituo namba 19, chumba ni cha mita 366 na anguko ni mita 11.6. Hesabu inatoa lita milioni 142, sawa na madumu milioni 7 ya lita 20. Mto wenyewe hauhisi kitu. Pale New Orleans kiasi hicho hupita kwa sekunde 8 na nusu hivi. Lakini zege, milango ya chuma, valvu, umeme wa kuziendesha na mshahara wa yule aliyetupa kamba vyote vina bei, na bei anayotozwa mwenye mtumbwi ni sifuri. Hakuna tiketi wala ada.

Nani basi? Uendeshaji na matengenezo ya kila siku hulipwa na hazina ya serikali kuu, yaani kodi za wananchi. Ujenzi na ukarabati mkubwa huchangiwa na mfuko maalumu unaotunishwa na ushuru wa mafuta ya boti za biashara: tangu mwaka 2015, senti 29 za dola kwa kila galoni. Mpiga kafi hachomi galoni hata moja. Mkulima wa Iowa anayepeleka soya yake ng'ambo, kampuni ya boti inayoilipia dizeli ushuru, mlipa kodi wa Arizona ambaye hatauona mto huu maishani, hao wote wamo ndani ya safari ya mtu aliye peke yake. Mimi naona ni jambo jema kabisa. Njia ya maji iliyojengwa kwa fedha ya umma ikimpokea mwenye mtumbwi wa kilo 28 kwa heshima ile ile inayompa mwenye tani 20,000, hata kama inamsubirisha, basi umma umepata haki yake. Ninachokataa ni ile kauli inayosikika sana kwamba msafiri wa namna hii hamtegemei mtu. Anategemea vidato 29 vya zege.

Tuingie mfukoni mwake sasa. Tarakimu hizi ni makadirio yangu kwa mtu anayebana matumizi na kununua vitu vilivyokwisha kutumika. Mtumbwi, makafi mawili, jaketi la uokoaji, hema, jiko na redio: dola 1,300. Ramani za urambazaji za Jeshi la Wahandisi hupatikana bure. Chakula kwa dola 12 kwa siku 80: dola 960. Usiku sita katika vyumba vya bei ya chini, pale mwili na nguo vinapodai: dola 480. Kulala kwingine kote ni kwenye mafungu ya mchanga, ambayo huko chini ni mapana na hayana mlinzi wala risiti. Kurudi nyumbani, dola 300. Jumla ni dola 3,040, sawa na senti 81 kwa kila kilomita, na mtumbwi ukiuzwa mwishoni sehemu ya fedha inarudi.

Hiyo ndiyo bajeti ambayo watu huonyeshana. Imeacha kitu kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Siku 80 ni majuma 11 na nusu ya kazi, karibu saa 457. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa na hakijabadilika tangu 2009. Hata kwa kima hicho, ambacho ni kidogo kuliko kinacholipwa Minnesota, msafiri ameacha dola 3,300. Muda wake umegharimu zaidi ya mtumbwi, chakula, vitanda na nauli vikijumlishwa. Na kodi ya nyumba aliyoiacha nyuma inaendelea kudaiwa kila mwezi.

Hapa nawafikiria Wakenya walio wengi Minneapolis na vitongoji vyake, pamoja na Waafrika Mashariki wengine, watu wanaoishi dakika chache kutoka kwenye mto huu na kuuvuka kila siku kwenda kazini. Zamu mbili, fedha ya kutuma nyumbani, ada za wadogo zao, harambee ya mgonjwa. Kwa mtu wa namna hiyo dola 3,040 anaweza kuzipata kwa kudunduliza. Siku 80 hazipati. Tukisema safari hii iko wazi kwa kila mtu kwa kuwa malango hayatozi ada, tumesema ukweli nusu.

Na iko gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bajeti yoyote. Mwaka 1985 mwandishi Eddy L. Harris, Mmarekani Mweusi wa St. Louis, aliteremka Mississippi peke yake kwa mtumbwi toka Itasca hadi New Orleans, na mwaka 1988 akachapisha kitabu cha safari hiyo, Mississippi Solo. Aliondoka kaskazini kusikokuwa na watu wengi wa rangi yake, akaenda kusini kwenye historia ya utumwa na ubaguzi, akiwa analala peke yake nje. Mzungu anayepanga safari hiyo hiyo huhesabu upepo, maji na matishari. Harris ilimbidi ahesabu pia watu. Alikutana na wema mwingi njiani, lakini hesabu ilibidi aifanye kila alipotia nanga, na hilo ni tozo ambalo wengine hawalipi.

Mto nao hubadilisha bei bila taarifa. Pale Memphis kipimo cha kina kilisoma futi 48.7 katika mafuriko ya mwaka 1937. Mwezi Oktoba 2023 kilishuka hadi futi 12 chini ya sifuri ya kipimo. Tofauti ni zaidi ya mita 18, jengo la ghorofa sita. Maji yakiwa juu, mafungu ya mchanga hayapo, mkondo unapita kati ya miti na mahali pa kulala panatafutwa kwa taabu. Yakiwa chini, mchanga ni tele lakini kuta za mawe zilizojengwa kubana mkondo zinatokeza, kasi inapungua, na siku zinaongezeka. Siku moja ya ziada kwa hesabu yetu ni kama dola 53, ukijumlisha chakula na mshahara uliopotea. Juma moja la maji yaliyolala ni kama dola 370.

Mwisho wa mto ni mgumu kuliko mwanzo. Toka Baton Rouge kwenda chini, kilomita 369 hadi pale mto unapogawanyika kuingia Ghubani, njia ni ya meli za baharini, na ukingo umeshikwa na viwanda vya mafuta na kemikali, magati na matishari yaliyoegeshwa safu kwa safu. Mafungu ya mchanga yanaadimika, mahali pa kulala ni shida. Wapiga kafi wengi wanaona hesabu hailipi, nao hujitoa mapema. Juu ya Baton Rouge pana mitambo ya Old River, iliyoanza kazi mwaka 1963, inayoruhusu asilimia 30 ya maji ya Mississippi na Mto Red kwa pamoja kwenda upande wa Mto Atchafalaya. Anayefuata njia hiyo anafika Ghuba kwa mwendo mfupi, kupitia kinamasi chenye misitu na meli chache mno. Anaikosa New Orleans, anapata usingizi.

Anayeng'ang'ania mto mkuu hufika Venice, Louisiana, ambako barabara inakwisha. Bahari bado iko mbele, na akishaifikia inambidi arudi Venice dhidi ya mkondo kwa mikono yake mwenyewe, au alipe boti imvute. Kutoka hapo hadi Minneapolis kwa gari ni zaidi ya kilomita 2,000: mwendo wa siku mbili kwa njia iliyomchukua siku 80.

Hukumu yangu ni kwamba safari hii inastahili bei yake, na inastahili kuelezwa bei yake yote. Kwa hiyo ukiwa na ndugu huko Minnesota anayeitamani, usimkatishe tamaa, ila mwambie apange siku kabla ya kupanga dola. Aondoke katikati ya Mei, baridi ya maji ikianza kupungua, na jaketi alivae badala ya kulikalia. Akae nje ya mstari wa maboya: mtu anayeteremka mto, mekundu yako kushoto kwake na ya kijani kulia. Redio yake isikilize chaneli 13, ambako manahodha wa matishari huzungumza, na akivuka Baton Rouge aihamishie 67. Maji ya kunywa ajaze kila anapoona bomba. Na akifika kwenye malango, avute kamba na kusubiri zamu yake.